Orijino ni ipi? Land Rover ya marehemu baba yatugombanisha Kilwa

Msomaji wangu, kama hujawahi kuona ndugu wa tumbo moja wananuniana kwa sababu ya taa za gari, ungekuwepo nyumbani kwetu Kilwa Masoko mwezi uliopita. Kasheshe yake haikuwa ndogo!

Marehemu baba alituachia Land Rover ya mwaka 1966, ile ndefu ya inchi 109. Wenzangu wa Kilwa na Lindi mnajua gari hizi zilivyotuokoa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, ukitaka kwenda Dar ilibidi uvuke Mto Rufiji kwa pantoni, na masika ikikolea barabara inageuka uji. Magari ya wenye pesa yanalala njiani, Land Rover ya mzee inapita, imebeba wagonjwa, magunia ya korosho, na kuku juu.

Siku za karibuni ilikuwa imejipumzikia chini ya mwembe. Ndipo akatokea bwana mmoja kutoka mjini, katika hawa wanaokusanya magari ya zamani. Akaizunguka, akachungulia uvunguni, kisha akatoa neno: "Mkiirudisha orijino nawapa milioni 18. Ikiwa hivi hivi, milioni 5 tu."

Kaka yangu mkubwa macho yakamtoka. Nyumba ya mama inavuja, na milioni 18 sio mchezo. Mimi nikauliza: orijino ni ipi?

Maana gari ile ilitoka kiwandani Uingereza na injini ya petroli, na taa zake zilikuwa katikati, karibu na rejeta. Taa za Land Rover zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Sasa mbona yetu taa ziko pembeni? Kwa sababu baba aligonga mnazi, akafungiwa madigadi za gari ya miaka ya mbele. Petroli ilipokuwa dhahabu, miaka ya 1980, akatia injini ya dizeli. Na komeo la mlango wa nyuma alilifua mhunzi wa Kivinje kwa chuma cha jembe.

Yule bwana anataka vyote hivyo ving'olewe. Kaka anasema sawa. Mimi roho inakataa.

Nikamfuata fundi mmoja mzee. Shikamoo, marahaba, kisha akaja kuiona. Akagonga bodi kwa kidole. "Mwanangu, hii alumini. Waingereza walianza kuziuza 1948, vita imekwisha, chuma cha mgawo. Ndio maana bodi haishikwi na kutu. Lakini chasisi ni chuma, na chumvi ya bahari haina huruma." Akachomeka bisibisi kwenye chasisi, ikazama kama kwenye muhogo uliochemka. "Hapa lazima pakatwe, pachomelewe kipande kipya. Utasema basi sio gari ya baba yako?"

Nikabaki sina jibu. Kesho yake nikavuka kwenda Kisiwani kutuliza kichwa, na huko ndiko nilikopata somo.

Tazama Msikiti Mkuu. Ulianza mdogo, ukapanuliwa karne ya 14, ukaporomoka, ukajengwa tena karne ya 15. Tazama Gereza. Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505, wakaondoka 1512, baadaye Waarabu wa Oman wakaja kujenga juu ya mabaki yale. Hakuna aliyewahi kusema tubomoe ya Waomani ili tupate ya Wareno. UNESCO waliyaandika magofu haya urithi wa dunia mwaka 1981, wakayaweka kwenye orodha ya hatari 2004, wakayatoa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Jiwe la matumbawe linatengenezwa kwa chokaa, kama zamani. Ukipaka saruji, inafungia unyevu na chumvi ndani, mwisho jiwe lenyewe linamomonyoka.

Nikaelewa. Kubadilisha sio kosa. Kosa ni kutia kitu kitakachoua kilichobaki.

Hata wazungu wameshapelekana mahakamani kwa jambo hili. Mwaka 1990, London, watu waligombea Bentley moja iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Vyuma vyake vingi vilikuwa vimeshabadilishwa. Jaji akaamua kwamba maisha ya gari lile hayakukatika, kwa hiyo lina haki ya jina lake. Na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012: vipande vipya viwekewe alama, na matengenezo yaandikwe.

Tukakaa kikao cha familia. Kaka akapiga hesabu za mabati, tena hesabu za kweli. Nikakosa la kusema. Mama ndiye aliyevunja ukimya: "Siku ya mnazi nilikuwemo, nina mimba ya wewe kaka mtu. Baba yenu alikuwa ananikimbiza hospitali Kivinje. Hizo taa zinazong'olewa ndiyo siku uliyozaliwa."

Kimya.

Yule bwana aliondoka bila gari. Chasisi imechomelewa, na kipande kipya nimekigonga mwaka kwa patasi, asije mtu akadanganyika. Nimenunua daftari, naandika kila nati inayoingia. Mabati ya mama tumekubaliana yatoke kwenye korosho za msimu huu, na nusu ni juu yangu. Sijui nitazipata wapi, lakini neno nimeshalitoa.

Kaka bado ananijibu kwa mkato. Ila juzi alfajiri nilimkuta chini ya mwembe, kitambaa mkononi, anafuta zile taa za pembeni.

Je, msomaji, ungekuwa wewe ungeuza?