Panya Anayeulizwa Maswali ya Usonji

Sanduku ni la plastiki inayoonyesha hadi ndani, limegawanywa vyumba vitatu. Panya mdogo wa maabara huachiwa chumba cha kati. Upande mmoja kuna kizimba cha waya chenye panya mgeni. Upande wa pili kizimba kama hicho, kitupu. Kwa dakika 10 mtafiti anahesabu: panya amekaa wapi, amemnusa nani? Panya wa kawaida humwendea mgeni. Wa jamii iitwayo BTBR hana haja naye. Hujilamba tu, tena na tena.

Jaribio hili lilienea kuanzia 2004 kutokana na kazi ya Jacqueline Crawley na wenzake nchini Marekani. Ila panya huyo hana usonji. Usonji hutambuliwa kwa binadamu, kwa namna anavyozungumza, anavyocheza na anavyohusiana na watu. Panya huonyesha kipande kimoja tu cha tabia.

Hata hivyo kipande hicho kina faida. Mwaka 2011 maabara ya Guoping Feng iliharibu kwa panya jeni ya Shank3, inayohusishwa na usonji, nao wakajilamba mpaka wakajitia vidonda usoni. Mwaka 2016 jeni hiyo ilirudishwa kwa panya waliokwisha kukomaa: kujilamba kukapungua, wakaanza kuwatafuta wenzao. Hofu haikuondoka. Tena dawa ya mavoglurant, iliyowafaa panya wenye kasoro ya jeni ya Fmr1, haikuwasaidia watu wenye kasoro hiyo hiyo ilipojaribiwa kwao.

Sasa njoo Moshi, Tanzania, ambako swali la usonji linakutana na malaria. Kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini mbu wana maji ya kutosha. Ukipanda kuelekea Kibosho, baridi inazidi na malaria inapungua. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto 20 wa Tanzania wenye usonji, na wapo ambao dalili zao zilifuatia malaria kali. Watoto 20 hawatoshi kusema malaria huleta usonji, na urithi una nguvu kubwa sana katika usonji. Lakini swali limeshaulizwa, na hakuna awezaye kulijaribu kwa mtoto wa mtu.

Mwaka 2015 watafiti wa Canada na wenzao waliwaambukiza malaria panya wenye mimba. Watoto wao walizaliwa bila vimelea, lakini walipokua kumbukumbu zao zilikuwa dhaifu na walionyesha unyong'onyevu. Chanzo kilikuwa kinga ya mama iliyowaka kupita kiasi kupitia protini iitwayo C5a. Njia ya protini hiyo ilipozibwa, watoto wa panya walinusurika na madhara hayo.

Huo si usonji, lakini kwangu ndiyo matokeo yanayotugusa zaidi. Mjamzito wa Mabogini anayemeza SP, dawa ya kuzuia malaria, kliniki na kulala ndani ya chandarua huambiwa anamkinga mtoto asizaliwe na uzito mdogo. Panya hao wanatupa sababu ya kufuatilia, baada ya kumpima mtoto kilo, anageuka akiitwa jina au la, na ameanza lini kutamka.