STELINGI WETU YUKO WAPI?

MPENZI msomaji, kama hujawahi kuangalia picha kibandani pale Katesh, wilayani Hanang, huku upepo wa mlimani ukigonga mabati, raha bado hujaijua. Mimi nilikwenda kumsalimia shangazi. Jioni binamu zangu wakanivuta: mabenchi ya mbao, luninga moja, kelele kama uwanja wa mpira.

Siku hiyo mwenye kibanda aliweka kando kareti, akachomeka flashi yenye picha ya kizee: Hatari! Ndiyo, jina ni la Kiswahili kabisa. Huko Ulaya na Marekani ina mashabiki sugu hadi leo. Sisi wengi hatujaiona, na ilichezwa uani kwetu: Momella, Ngorongoro, na huko Ziwa Manyara ambako mtu wa Mbulu akiteremka ukuta wa Bonde la Ufa anakutana nako.

Stelingi ni John Wayne, Mmarekani mwenye mwili kama lori. Genge lake linakamata wanyama wazima wa kupeleka kwenye bustani za wanyama. Jamaa anakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, fimbo yenye kitanzi mkononi, dereva anafukuza. Picha haijakolea, faru kamtoboa mtu mguu! Kibanda kizima: "Ayaaa!" Na usifikiri ni mambo ya kompyuta. Wanyama ni wa kweli, na waigizaji wenyewe walipanda magari yale na kuingia kwenye mbio.

Vijana wa Kibarabaig waliokaa nyuma walicheka sana. Kwao mwanaume alisifiwa kwa kumkabili simba na mkuki, sasa huyu stelingi wa kwenye bampa wamwogope kwa lipi?

Dakika 157 zikaisha. Mara nyingi hapo kila mtu hushika njia yake. Safari hii binamu yangu akauliza kwa sauti: "Mbona wenzetu humu hawana majina?"

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Mastaa wakatajwa: Wayne, Elsa Martinelli wa Italia, Hardy Krüger wa Ujerumani, Red Buttons. Wetu je? Wanavuta kamba, wanabeba mizigo, wanapita. Mwongozaji Howard Hawks alipiga picha hiyo kati ya mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, Mwingereza bado anatutawala. Tulipata Uhuru Desemba 9, 1961, picha ikaingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1962. Nchi ikawa na jina lake kwenye ramani, lakini wale wa kwenye kamba wakabaki hivyo hivyo.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote, kajifunika shuka, akakohoa. Tukamwamkia, shikamoo babu. Akaitikia, kisha akasema: "Wajukuu zangu, yule wa kwenye kamba ana jina. Mama yake alimpa. Hamjauliza tu."

Kibanda kikawa kimya. Mimi nikasikia aibu, maana najua stelingi wote wa Marekani kwa majina na ndoa zao.

Tungependa tumwalike nani basi, aje akae mbele yetu atusimulie? Krüger angefaa sana. Alivyoipenda Momella, alinunua shamba pale pale, akafungua hoteli na kuishi kwa miaka mingi. Lakini alifariki Januari 2022, akiwa na miaka 93. Martinelli alitangulia 2017, na Wayne tangu 1979.

Waliobaki wa kualikwa, kama wapo, ni wetu: wapishi, madereva, washika kamba. Piga hesabu mwenyewe. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1961, leo keshapita 80. Wazee hawangoji tuwe na nafasi.

Kwa hiyo msomaji wangu, kama kwenu ni Arusha, Mto wa Mbu, Karatu au Mbulu, mwulize babu leo, usingoje Krismasi. Huenda alipita mbele ya kamera ile na hakuna aliyemwuliza kitu tangu hapo. Ukimpata, mlete kibandani. Mpe benchi la mbele, mnunulie chai ya moto, na kiingilio asilipe. Huyo ndiye stelingi.