Mpini wa Ufagio na Rekodi Nyingine za Umma

Rekodi inayonivutia kuliko zote katika harakati za wananchi haina hata umati. Ni karatasi. Mwaka 1893, huko New Zealand, akina mama waliodai haki ya kupiga kura walikusanya sahihi karibu 32,000. Kurasa za ombi lao kuu, zaidi ya 500, waliziunganisha kwa gundi moja baada ya nyingine, wakazizungusha kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Likinyooshwa, ombi lilipita mita 270. Mbunge John Hall aliliingiza bungeni akalikunjua katikati ya ukumbi, likabingirika mpaka mpini ukagonga ukuta wa mwisho. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo sheria ikatiwa sahihi, na New Zealand ikawa nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake kura ya kuchagua wabunge.

Kwa ukubwa wa mkutano wa kupinga vita, Guinness wanaitaja Roma, 15 Februari 2003: watu milioni tatu. Vita vya Iraq vilianza mwezi uliofuata.

Kwa urefu, mnyororo wa watu wa tarehe 23 Agosti 1989 ulivuka nchi tatu, Estonia, Latvia na Lithuania, zaidi ya kilomita 600, watu wapatao milioni mbili wakishikana mikono kwa robo saa. Waliopanga walitumia matangazo ya redio kuratibu shughuli hiyo.

Mgomo nao? Iceland, 24 Oktoba 1975. Wanawake tisa kati ya kumi waliacha kazi, za ofisini na za jikoni. Akina baba wakaenda kazini na watoto mkononi, na soseji zikaisha madukani, maana ndicho chakula walichokiweza. (Baba yeyote aliyewahi kuachiwa jiko anaelewa.) Miaka mitano baadaye nchi hiyo ilimchagua Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kuwa rais kwa kura za wananchi.

Kwa kasi, mimi naitaja Kenya. Jumanne ya 25 Juni 2024 Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha, vijana wakaingia bungeni, wengine wakauawa kwa risasi. Jumatano Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia sahihi. Kabla ya hapo simu za wabunge zilikuwa zimefurika ujumbe kutoka kwa wapiga kura. Zamani serikali ilijua pa kugonga: shirika lilikuwa na ofisi, mwenyekiti, katibu na mhuri. Safari hii vijana walisema hawana chama, hawana kabila, hawana kiongozi. Sasa Ikulu imwite nani mezani?

Uvumilivu ni wa Buenos Aires. Tarehe 30 Aprili 1977, akina mama 14 walifika Plaza de Mayo kuulizia watoto wao waliotoweka mikononi mwa utawala wa kijeshi. Polisi wakawaambia ni marufuku kusimama kwa kundi, watembee. Basi wakatembea, wawili wawili, wakizunguka uwanja. Baadaye, ili watambuane, walijifunga kichwani vitambaa vyeupe vya nepi. Mpaka leo, kila Alhamisi saa tisa na nusu alasiri, mzunguko huo unaendelea.