Farasi Waliobaki Urusi

Tarehe 30 Oktoba 1806, ngome ya Stettin, yenye askari wa Prussia zaidi ya 5,000 na mizinga tele, ilisalimu amri kwa wapanda farasi wasiofika elfu moja. Jenerali Lasalle, Mfaransa aliyewaongoza, hakuwa na zana za kubomoa ukuta. Alikuwa na mwendo tu. Aliwahi kufika, akamtishia kamanda mzee wa ngome kuwa jeshi kubwa liko nyuma yake, naye akaamini.

Hao walikuwa husari, wapanda farasi wepesi. Asili yao ni Hungaria ya karne ya 15, ambako walipambana na Waturuki mipakani, hadi nchi nyingine za Ulaya zikawaiga, mavazi na yote. Wapanda farasi wazito, wenye deraya za chuma kifuani, walitunzwa kwa ajili ya saa moja ya kuvunja safu ya adui. Husari hakutunzwa. Alikuwa kazini tangu jeshi linapong'oa mahema.

Na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuangalia. Mtazame mmoja yuko lindoni juu ya kilima alfajiri, bunduki fupi mapajani, vumbi likimjia kwa mbali. Hapigi risasi wala kelele. Anamzungusha farasi wake duara palepale. Upande anaozungukia unawaambia wenzake bondeni kama wanaokuja ni askari wa miguu au wa farasi, na kasi yake inawaambia wingi wao. Jemadari asiye na watu wa namna hii anapapasa gizani.

Kazi ya pili ilikuwa kuandama. Napoleon aliwashinda Waprussia Jena tarehe 14 Oktoba, lakini kwa maoni yangu ushindi ule ulikamilishwa barabarani: hawakupewa nafasi ya kupumua wala kujipanga, na siku 24 baadaye jenerali wao Blücher naye alijisalimisha karibu na Lübeck.

Yote hayo yalibebwa na mnyama. Mwaka 1812 Napoleon aliingia Urusi na makumi ya maelfu ya farasi, nao wakaanza kufa kiangazi, kabla ya theluji: mvua, joto, nafaka mbichi iliyowavuruga matumbo, matandiko yasiyofunguliwa siku nyingi hadi migongo ikaoza. Bunduki iliyopotea hutengenezwa nyingine. Farasi wa vita anataka miaka minne au mitano akomae, kisha afundishwe.

Mei 1813 Napoleon alishinda tena, Lützen na Bautzen. Lützen alishtukizwa, kwa kuwa waliopaswa kumpelelezia adui walikuwa wachache mno. Mara zote mbili Warusi na Waprussia walirudi nyuma kwa utaratibu, mizinga yao wakiikokota, na hapakuwa na wapanda farasi wa kutosha kuwaandama. Tarehe 4 Juni alikubali kusitisha mapigano, akitafuta muda wa kupata farasi. Agosti, vita vilipoanza tena, Austria ilikuwa imeshajiunga na maadui zake.