Makanisa yaliyochimbwa kwa sululu



Kisha ibada ya Siku ya Mungu, kijana mumoja mwenye kuchimba zahabu upande wa Manguredjipa alitazama picha niliyokuwa nayo mukononi, akacheka: «Baba, hii iko shimo, haiko kanisa!» Alisema kweli nusu. Katika picha uliona shimo refu lenye kuta zilizonyooka, na ndani yake paa yenye umbo la musalaba, inayolingana na udongo wa juu. Ni kanisa la Mutakatifu Giyorgis, kule Lalibela.

Lalibela ni muji mudogo katika milima ya Ethiopia, kaskazini ya Addis Ababa, kwenye mita 2500 hivi. Ni juu kupita Butembo, na usiku baridi inauma. Kuna makanisa 11 pale, na hakuna hata moja lililojengwa. Yote yalichimbwa ndani ya jiwe.

Yule kijana alikaa chini. Akataka kujua: walianzia wapi? Walianzia juu. Walichimba mufereji pande zote ine, wakashuka nao mpaka jiwe moja kubwa likabaki limesimama katikati peke yake. Kisha wakaingia ndani ya lile jiwe na patasi, wakatoa kisichohitajiwa, wakaacha nguzo, madirisha na madari. Mwenye kujenga na matofali akikosea, anabomoa na kuanza tena. Lakini pale, nguzo ukiikata imekatika, hakuna gundi ya kuirudisha. Na mvua je? Muchimbaji yeyote anajua maji yanavyoua. Wale mafundi walijua vilevile: walikata njia za maji katika jiwe ili shimo lisijae. Kanisa kubwa kuliko yote, Bete Medhane Alem, maana yake Nyumba ya Mwokozi wa Ulimwengu, lina urefu wa mita 33 hivi, upana 23, kimo 11. Pima hiyo na kamba, halafu fikiri sululu.

Watu wa Ethiopia wanasema kazi hiyo ni ya mwami Gebre Meskel Lalibela, wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwisho wa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13. Siku zile, kule Ufaransa na hata vijijini vya Wales, watu walikuwa wakipanga jiwe juu ya jiwe. Inasemwa kwamba alipozaliwa nyuki walimuzunguka, na jina lake linatoka hapo. Inasemwa tena kwamba alitaka Yerusalema ya pili kwa wasioweza kufika ile ya kwanza, njo maana kijito cha pale kinaitwa Yordani. Na usiku, ati, malaika walishika kazi mafundi walipolala. Mimi sibishane na wazee, lakini nafikiri mikono yenye malengelenge ilikuwa ya watu.

Padiri mumoja wa Ureno, Francisco Álvares, alifika huko katika miaka ya 1520. Alipoandika aliyoyaona, aliapa kwa Mungu, kwa sababu aliogopa watu wa kwao watamuita muongo.

Hata leo mapadiri wanasali mule ndani. Noeli yao ni tarehe 7 Januari, na mahuji wanafika wamevaa nguo nyeupe, wengine wametembea siku nyingi kwa miguu. Viatu vinabaki mulangoni. Kati ya makanisa mengine kuna njia chini ya jiwe, giza tupu. Unapapasa ukuta mpaka unaona mwangaza. Wachimbaji wetu hawataogopa pale.

Lakini mahali hapa panaumwa. Mvua ya miaka 800 imepasua mawe. UNESCO iliandika makanisa hayo katika urizi wa dunia mwaka 1978, na mwaka 2008 mapaa makubwa ya chuma yaliwekwa juu ya mengine. Wenyeji wakalalamika kwamba uzito wake unatisha. Mwaka 1997 musalaba wa kale uliibiwa, ukaangukia mikononi mwa Mubeleji mumoja munuzi wa vitu vya kale, kisha ukarudishwa. Mwaka 2021 vita viliingia mujini, na tangu 2023 jimbo lile la Amhara halijatulia. Mwenye kutaka kwenda, kupitia Kasindi, Entebbe na ndege ya Addis, aulize habari kwanza.

Kijana akanirudishia picha. «Na ile mawe yote, walitupa wapi?» Swali la fundi! Wataalamu wa mambo ya kale nao waliuliza vilevile. Walifuata lundo za mawe yaliyotupwa karibu na makanisa, njo wakaona kwamba kazi haikwisha mara moja: watu walichimba, wakaacha, wengine wakarudi kushuka chini zaidi.

«Kama sisi,» akasema, akachukua beshi yake.