Furaha ya Mgono

Umepata kusimama alfajiri kando ya Mto Kongo, pale Kisangani, penye poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma? Wavuvi Wagenia hawangojei maji yatulie. Husimika miti mikubwa kati ya miamba, huifunga kwa kamba za porini, kisha hutundika migono mirefu, mipana mdomoni na myembamba mkiani. Mkondo wenyewe humtia samaki ndani, na nguvu yake humzuia asirudi.

Mvua za Oktoba na Novemba zikijaza mto, mkondo huwa mkali. Mguu ukiteleza, mtu huchukuliwa na maji. Kwa hiyo haendi mtu peke yake: mmoja hupanda mitini, na wenzake hushikilia mtumbwi kwa makasia.

Siku nyingine mgono hutoka mtupu. Hurudishwa majini bila manung'uniko. Lakini ukitoka mzito, na watoto ng'amboni wakamwona samaki aking'aa juani, furaha ile haina bei.

Vijana, jifunzeni kwao kusuka, kungoja na kusaidiana. Mto haumwogopi hodari mmoja. Wenye kushikana huwapa chakula.