Mdudu wa Usambara ambaye bado hajapewa jina

WATOTO wanaokulia Mponde, katikati ya mashamba ya chai ya Bumbuli mkoani Tanga, huokota wadudu wa kila namna. Wakiuliza, "Huyu anaitwaje?" wengi hujibiwa, "Mdudu tu, achana naye." Ukweli ni kwamba katika misitu ya Usambara wapo wadudu ambao hata wanasayansi hawajawapa jina.

Miongoni mwao ni mbawakawa wenye mabawa mafupi, ambao wataalamu huwaita Staphylinidae. Ni wembamba, na wengi hawafiki sentimita moja. Magamba yao ya mgongoni ni mafupi kama kizibao, hivyo tumbo hubaki wazi. Wakisumbuliwa, baadhi huinua mkia kama nge. Duniani zimeshaandikwa aina zaidi ya 60,000, na nyingine huongezwa kila mwaka.

Kwa nini Usambara? Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na misitu yake imezungukwa na nyanda kavu kwa muda mrefu sana. Baadhi ya mbawakawa wanaoishi kwenye majani yaliyooza milimani hawana mabawa ya kurukia. Hawawezi kuvuka tambarare kwenda Pare au Uluguru. Vizazi vikipita, wanakuwa aina ya mlima mmoja tu.

Kazi ya kumpa mdudu jina huanza chini, kwenye majani hayo. Mtafiti mwenye kibali huyachekecha kama unga na kuokota vidudu vinavyoanguka. Kila kimoja huwekewa kikaratasi chenye mahali, tarehe na mwinuko. Kisha hukitazama kwa hadubini na kukilinganisha na vielelezo vya makumbusho. Mara nyingi umbo la nje halitoshi. Tofauti huonekana kwenye viungo vya uzazi vya dume.

Akijiridhisha kuwa ni aina mpya, huchagua kielelezo kimoja kiwe shahidi wa kudumu wa jina hilo, kisha huchapisha maelezo na michoro. Jina huwa la maneno mawili, na wakati mwingine hubeba mahali. Kinyonga mmoja mwenye pembe tatu wa Usambara, aliyeandikwa mwaka 1892, huitwa Trioceros deremensis, kutokana na Derema.

Jina lina faida yake. Ua la Saintpaulia, lililopewa jina mwaka 1893 baada ya kuchukuliwa Usambara, leo hupamba madirisha Ulaya na Marekani. Wenyeji walikuwa wakilipita kila siku. Lakini msitu ukifyekwa kabla mdudu wake hajaandikwa, anatoweka bila yeyote kujua kuwa aliwahi kuwapo. Ndiyo maana misitu iliyobaki, kama Mazumbai unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ina thamani kubwa.

Hata hivyo, wazazi wawe waangalifu. Nzi wa Nairobi si nzi. Ni mmoja wa mbawakawa hawa, mwenye rangi nyeusi na ya machungwa, na huzidi wakati wa mvua. Haumi wala hachomi, lakini akipondwa kwenye ngozi, sumu yake huleta malengelenge baada ya siku moja au mbili. Akitua mwilini, mpulize au mwondoe kwa karatasi. Ukimponda, osha mahali hapo kwa maji na sabuni, wala usiguse macho. Usiku zima taa zisizohitajika, kwani hufuata mwanga.

Basi mfundishe mtoto kutazama bila kushika, na kurudisha jani alilolifunua. Akija na habari ya mdudu, mwulize kwanza amemwona wapi na lini. Hata kwa mtafiti, kielelezo kisicho na mahali wala tarehe hakina thamani kubwa.